Tulitwaa nywele, tukaacha kichwa

Juzi katika steji ya Nyeri, nikipanda matatu ya Nanyuki, makanga mwenye rasta zilizofika mabegani alinigotea na kunisalimu: “Wan lavu, mzee wangu!” Nami nikaitikia vivyo hivyo. Tulipofika Kiganjo nikajiuliza: hivi tumeambiana nini?

Wapo wanaoitafsiri salamu hiyo ‘mapenzi moja’. Kisarufi, hapo pana kasoro. Tuseme ‘upendo mmoja’. Hata hivyo, ‘mmoja’ hapa hahesabu kitu. Kwa Marasta, ambao imani yao ilianza Jamaica katika miaka ya 1930, maana yake ni upendo usiogawanywa kwa rangi, kabila wala tabaka. Kwa Kiswahili cha wazi: upendo usiobagua.

Neno lenyewe ‘rasta’ nalo lina kisa. Tafari Makonnen wa Ethiopia alikuwa na cheo cha Ras kabla ya kutawazwa Haile Selassie mnamo Novemba 2, 1930. ‘Ras’ kwa Kiamhari ni kichwa, na Kiarabu kina neno la asili hiyo hiyo lililotupa ‘rasi’ na ‘rasilimali’. Lakini huku kwetu, mtu ‘akifuga rasta’ anafuga nywele tu. Yaani tulitwaa nywele, tukaacha kichwa.

Ndugu msomaji, hilo si suala la msamiati pekee. Dedan Kimathi alikamatwa hapa Nyeri mnamo Oktoba 21, 1956, akapigwa picha akiwa na nywele ndefu zilizosokotana. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Wapo wanaosema picha za wapiganaji wa Mau Mau ziliwapa Marasta wa Jamaica mfano wa kuigwa; wengine wanasema desturi hiyo ilikuwako kisiwani tangu miaka ya 1940. Mjadala huo tuwaachie wanahistoria.

Lisilo na mjadala ni hili. Februari 18, 2007, nusu karne baada ya kunyongwa kwake, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi, na rasta zake kichwani. Tukapiga makofi. Miezi michache baadaye, msako wa Mungiki ulipopamba moto, kijana wa Karatina au Murang’a mwenye nywele kama zile za sanamu akawa mshukiwa. Wengi walikimbilia kinyozi. Shaba iliruhusiwa kufuga rasta. Mwana wa mtu, la!

Ilibidi Mahakama Kuu iseme, mnamo Septemba 2019, kwamba Urastafari ni dini na kwamba mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta zake ana haki ya kusoma.

Aprili 22, 1978, jijini Kingston, Bob Marley aliwapandisha jukwaani mahasimu wa kisiasa, Michael Manley na Edward Seaga, akaishikanisha mikono yao. Umwagaji damu haukukoma kwa sababu ya mikono ile. Nasi tuna salamu zetu za wakubwa, na reggae imekuwa wimbo wa kampeni.

Upendo mmoja hupimwa mahali padogo zaidi: kwenye kizuizi cha polisi, kwenye lango la shule, kwenye usaili wa kazi. Nilipokuwa nikishuka Nanyuki, makanga alinirudishia chenji yangu kamili. “Wan lavu,” akasema tena. Safari hii niliitikia kwa Kiswahili: “Upendo usiobagua, mwanangu.” Akacheka: “Hiyo ni ndefu, mzee!”

Ni ndefu kweli.