Ubao wa Kukalia katika Mitumbwi ya Nyanza

Walimu wenzangu, mtu akisimama asubuhi katika pwani ya Butimba, karibu na mji wa Mwanza, ataona mitumbwi ikirudi kutoka uvuvini, na abiria wakishuka huku wakijinyosha migongo na kusugua magoti. Vijana wa shule huniuliza, "Mwalimu, babu zetu walijua kuunda chombo cha kuvuka Nyanza, mbona hawakujua kuweka kiti kizuri ndani yake?" Nalifikiri swali hili ni la mchezo tu, hata siku moja likanipata mimi mwenyewe, kama nitakavyoeleza. Lakini kwanza yafaa tutazame mambo ya zamani.

Wasukuma huuita mtumbwi bwato. Ndani ya bwato hapana kiti, ila mbao zilizolazwa toka ubavu huu hata ubavu wa pili, chini kidogo ya ukingo. Mpiga kafi huketi juu ya ubao, na miguu yake huikaza sakafuni. Abiria asiye na kazi hupewa sakafu yenyewe, naye huketi pamoja na mizigo, karibu na maji yanayofutwa kwa upo. Mgeni huona kwamba amedharauliwa. Sivyo, amewekwa mahali palipo salama kuliko pote.

Zamani mitumbwi mikubwa ya Nyanza haikupigwa misumari. Mafundi waliosifiwa sana walikuwa watu wa visiwa vya Sese, upande wa Buganda. Walichonga mti mmoja kuwa mkuku, kisha wakashona mbao juu yake kwa nyuzi za mimea, na kuziba matundu yasivuje. Chombo kilichoshonwa hakina ugumu wa chombo cha misumari, mawimbi hukikunjakunja. Basi ule ubao wa kukalia ulikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumchukua mtu. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kuzishika mbavu mbili za chombo zisikaribiane wala zisiachane. Mtu aliyeuondoa ubao ili apate nafasi ya kunyosha miguu aliondoa mfupa wa mtumbwi. Kwa hiyo fundi wa zamani hakukubali ubao uguswe ovyo, hata kwa ajili ya mtu mkubwa.

Katika mwaka 1875 Stanley alifika Kageyi, upande wa mashariki ya Mwanza, naye akaizunguka Nyanza kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Alipoiona mitumbwi ya Kabaka Mutesa aliipima. Mkubwa wa yote aliouona ulikuwa na urefu wa futi 72, na upana wa futi 7 na kitu. Tuziangalie hesabu hizi. Wapiga kafi waliweza kuketi wawili wawili juu ya mbao, wakiwa juu kuliko wavuvi wetu wanavyoketi katika mitumbwi midogo, kwa sababu upana uliwaruhusu. Tena mwaka uleule Stanley aliazima mitumbwi kwa Mtemi Lukonge wa Ukerewe ili awahamishe watu wake. Mingi ilikuwa mikuukuu, na katika usiku mmoja mitano ikaharibika majini. Watu wakaokolewa, lakini bunduki na nafaka zikapotea. Hapo twajifunza kwamba mtu akitaka kujua usalama wa chombo, atazame kwanza mishono na mbavu, kabla hajatazama mahali pa kuketi.

Waliofuata waliijua adha ya kuketi. Mackay wa misheni ya Kiingereza alipovuka pamoja na Wilson katika mwaka 1878, mashua yao iliyoitwa Daisy ilivunjwa na tufani. Wakaikata katikati, wakatumia vipande vyake kutengeneza omo na tezi, wakaendelea na safari kwa chombo kilicho kifupi zaidi. Padre Lourdel na Bruda Amans walitoka Kageyi kwa mtumbwi katika Januari 1879, wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari. Safari ya namna hiyo ilifuata pwani, na desturi ya wapiga kafi ilikuwa kutweka chombo mchangani jioni, kupika, na kulala nchi kavu. Nami nadhani hapa ndipo penye jibu la kwanza la vijana wetu: raha ya wazee haikuwa katika kiti, ilikuwa katika kupumzika. Hawakuketi siku nzima na usiku kucha kama sisi tunavyotaka kufanya kwa haraka zetu.

Jibu la pili ni la hesabu. Kila chombo pamoja na vilivyomo kina kitovu cha uzito. Kitovu kikiwa chini, chombo kikiinama hurudi. Kikipanda mno, chombo kikiinama huendelea kuinama. Tufanye mfano: mtumbwi wa kilo 120, wapiga kafi wawili wenye jumla ya kilo 130, na abiria mmoja wa kilo 60, jumla ni kilo 310. Ukimwinua abiria huyo mmoja sentimita 40 kutoka sakafuni, kitovu cha wote pamoja hupanda karibu sentimita 8. Katika jahazi si kitu. Katika mtumbwi mwembamba ni jambo kubwa. Lakini upana nao una nguvu ya ajabu. Mitumbwi miwili ikiwa na urefu na umbo lilelile, mmoja ukiwa na upana wa sentimita 60 majini na wa pili sentimita 80, nguvu ya umbo lake kuurudisha wima si 3 kwa 4, bali ni 27 kwa 64, yaani zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu mtumbwi wa Kabaka uliweza kuwaketisha watu juu, na wa mvuvi wa Butimba hauwezi. Watu wa bahari ya Hindi walipita njia nyingine: ngalawa yao ni nyembamba sana, lakini wameifunga matengo pande zote mbili, yenye mbao zinazogusa maji, nayo hukaa kana kwamba ni chombo kipana.

Sasa nieleze lililonipata. Mama yangu mzazi, katika uzee wake, aliugua nyonga, akawa hawezi kukunja miguu. Ilikuwa lazima avushwe ghuba kwenda kwa dada yangu, karibu na mganga wa mifupa. Akakataa kuketi sakafuni, akasema, "Mwanangu, nikiketi huko chini sitainuka tena." Mimi nikachukua kiti cha darasani chenye miguu minne, nikakifunga juu ya mtumbwi kwa kamba, nikajiona nina akili. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, alikuwa akitazama. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, keti wewe kwanza." Nikaketi, maji yakiwa ya magotini. Akausukuma ukingo chini kwa kiganja, akaachia. Mtumbwi ukarudi polepole, kama mtu mvivu anayeamshwa. Akasema, "Chombo kizima hurudi kwa hasira. Hiki kinafikiri."

Nikashuka kwa aibu. Yule mzee akachukua msumeno, akakata miguu ya kiti chote, akabakiza mahali pa kuketi na egemeo la mgongo. Akaweka vipande vya mbao sakafuni, kimo cha vidole vinne, mama asilowe; juu yake akakilaza kile kiti, akakifunga imara kwenye ubao wa zamani pasipo kuukata. Akatia gunia lililojazwa nyasi kavu, na gogo dogo la kukanyagia ili miguu ikae imenyoka. Gunia la mihogo mikavu aliyomchukulia binti yake akalilaza chini kabisa, katikati. Watu wa pwani uzito wa namna hiyo huuita farumi. Nikamwuliza kama tumfunge mama kwa kanga asianguke. Akasema, "Funga kiti, Mwalimu. Mtu usimfunge kamwe." Kisha akausukuma ukingo tena, nao ukarudi mara moja. Mama akabebwa na wajukuu wawili, akalazwa mahali pake, akavuka salama, na njiani akalala usingizi.

Basi nikafahamu kwamba raha na usalama havigombani. Mgongo hutaka egemeo, makalio hutaka kitu laini, miguu hutaka mahali pa kukanyaga. Katika hayo matatu hakuna hata moja linalotaka kimo. Ni heshima yetu tu inayotaka kimo, kwa kuwa tumezoea kwamba mkubwa huketi juu.

Nayaandika haya kwa sababu Nyanza imetufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara. Kiliruhusiwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Vyombo hivyo si mitumbwi, lakini kanuni ya uzito ni ileile: watu wengi mno, na watu wanaosimama na kukimbilia upande mmoja, hufanya kazi ileile iliyofanywa na kiti changu. Baada ya misiba watu husema, "Chombo cha kuzama hakina usukani," kana kwamba hapakuwa na la kufanya. Methali hiyo ni nzuri kwa kuwafariji waliofiwa, lakini haifai kuwa somo la fundi wala la nahodha.

Walimu mlio pwani za Nyanza, wapelekeni watoto majini, mahali pa magotini, wausukume ukingo wa mtumbwi kwa mikono yao wenyewe, kwanza mwenzao akiwa ameketi sakafuni, kisha akiwa ameketi juu. Watauona tofauti kabla hamjaandika neno ubaoni. Kiti cha mama yangu kingali nyumbani kwangu, hakina miguu, na wageni hucheka wakikiona. Nami huwaambia kwamba ndicho kiti kilichonifunza kuketi.