Dizeli kuukuu: Kilomita si kipimo cha uzima wa injini

GARI la dizeli lililokwisha kutumika huweza kumhudumia mwenyewe kwa miaka 20. Huweza pia kumeza mkopo wote wa chama cha akiba kwa ukarabati wa mara moja tu. Wanunuzi wengi hujaribu kubashiri hatima hiyo kwa kusoma kilomita kwenye dashibodi, ilhali hicho ndicho kipimo kisichoaminika kuliko vyote. Nambari hizo hurudishwa nyuma kwa dakika chache, na hata zikiwa za kweli hazielezi zilitembewa vipi. Dizeli iliyokwenda kilomita 250,000 baina ya Nairobi na Kisumu, ikibadilishwa oili kwa wakati, aghalabu ni nzima kuliko iliyokwenda 80,000 katika misongamano ya jijini.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo dizeli ndogo zinazoshushwa Mombasa siku hizi ni za teknolojia mpya. Anayetaka injini ya kale isiyo na makuu hana budi kuitafuta humu humu nchini, pamoja na historia yake yote ya barabara zetu, mafuta yetu na mafundi wetu. Hizo ni bidhaa mbili tofauti, na huharibika kwa njia tofauti.

Mfano bora wa injini za kale ni 1HZ ya Toyota Land Cruiser. Ina lita 4.2 na silinda sita zilizopangwa safu moja. Haina tabo, na pampu yake huendeshwa kwa nguvu za chuma kwa chuma bila kompyuta. Ni nzito na haina haraka, lakini fundi yeyote wa Isiolo au Lodwar huijua. Adui zake ni joto kupita kiasi na mkanda wa taimingi uliosahauliwa. Mkanda huo hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Muuzaji asiyeweza kukuambia ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Injini za baadaye hutumia mfumo wa komoni reli, ambapo dizeli hurushwa ndani ya silinda kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa tunayovuta. Pampu na nozeli za mfumo huo hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta yakichanganywa na ya taa, ulainishaji hupungua na vyuma husagika. Uchanganyaji huo ulikuwa donda ndugu nchini hadi Septemba 2018, serikali ilipotoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuondoa faida ya walaghai. Gari la komoni reli lililofanya kazi humu kabla ya hapo lastahili kupimwa nozeli moja baada ya nyingine.

Miongoni mwa hizo, 1KD-FTV ya lita 3.0 iliyotiwa katika Prado, Hilux na Hiace ina ila inayojulikana. Viziba vya shaba chini ya nozeli vikichoka, gesi ya mwako huvuja na kuichafua oili, nayo masizi huziba kichujio kilicho ndani ya sampu. Injini hukosa oili ilhali kijiti cha kupimia chaonyesha imejaa. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji mzito mweusi kama lami, achana nalo. (Weusi pekee usikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa.)

Kundi la tatu ndilo linalowanasa wengi: dizeli zenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi, mathalan Mazda CX-5 ya lita 2.2. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na kazi hiyo huhitaji mwendo wa kasi usiokatizwa. Mwenye gari anayetoka Buruburu hadi mjini na kurudi, akisimama kila hatua tano, hulinyima nafasi hiyo. Kompyuta hujaribu tena na tena kwa kurusha dizeli ya ziada, ambayo sehemu yake huchuruzika hadi kwenye oili. Kwa sababu hiyo oili inayoongezeka kwenye kijiti ni dalili mbaya kuliko inayopungua. Baadhi ya mafundi huling'oa chujio na kuihadaa kompyuta. Pitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Likiwa na chujio zima huwa karibu safi, na kidole kikitoka na masizi mazito, chujio limepasuka au halipo. Kama safari zako zote ni za mjini, petroli itakufaa zaidi, hata ingawa muuzaji atakusifia dizeli kwa kunywa kidogo.

Sasa uchunguzi wenyewe. Fika asubuhi na mapema, bila kutangaza saa. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kuona pikapu, nikakuta boneti ina joto. Muuzaji akasema ametoka kuipeleka kuoshwa. Nilimwamini. Wiki mbili baadaye, katika baridi ya Julai, pikapu ile ilikataa kabisa kuwaka bila kusukumwa. Injini iliyopashwa moto huficha hita plagi zilizokufa na silinda zilizopoteza mgandamizo. Igusie mkono kabla ya kuiwasha. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Ikishawaka, tazama moshi. Mweupe kwa muda mfupi wakati wa baridi si neno. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, dizeli haichomeki vyema au maji yanaingia. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga huashiria nozeli, tabo au njia ya hewa iliyoziba.

Injini ikinguruma polepole, legeza kifuniko cha oili na ukiweke kichwa chini juu ya tundu lake. Kikicheza kidogo, sawa. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha. Kagua maji ya rejeta kabla injini haijapata joto: utandu wa mafuta ni ishara ya gasketi au kichwa cha silinda kilichopasuka. Kisha lipandishe mlima. Kutoka Mai Mahiu kurudi juu kuelekea Limuru, mshale wa joto usitikisike, na gari lisipoteze nguvu katikati ya mpando.

Karatasi nazo zina lao la kusema. Herufi za nambari ya usajili hukuambia gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilipoundwa. Kwa lililotoka Japani, dai karatasi ya mnada, ambayo huonyesha kilomita siku ya kuuzwa na alama lililopewa. R aghalabu humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Kwa la humu nchini, risiti za oili na vichujio zina thamani kuliko rangi mpya. Mmiliki halisi athibitishwe na NTSA kabla ya kutoa hata amana. Mwombe fundi wako, si wa muuzaji, apime kiasi cha dizeli inayorudi kutoka kila nozeli. Moja ikirudisha nyingi kuliko wenzake, bei ya nozeli hiyo iondolewe kwenye bei ya gari.