Safu ya Lugha: Sabufa
Siku hizi tangazo la duka husema “sabufa yenye spika tano”, kana kwamba sabufa ndiyo mzigo mzima. Sivyo. Waingereza huita mlio mzito wa mbwa “woof”. Hapo ikazaliwa “woofer”, spika ya besi, na “sub” ni chini yake. Basi sabufa ni lile boksi moja la besi ya chini kabisa, takriban hezi 20 hadi 200: mdundo wa amapiano, mlipuko kwenye gemu.

Maneno ya mwimbaji na nyayo za adui anayekunyemelea katika gemu husikika zaidi kwenye spika ndogo. Amplifaya huipa sauti nguvu, yenyewe hailii. Vyote pamoja viite mfumo wa sauti. Ukiagiza sabufa, usishangae kuletewa boksi moja.