Kifungu cha Kumi na Sita

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa sheria pale Mlimani. Wenzangu watano na mimi tulikubaliana kwenda kila Jumamosi katika shule moja ya sekondari kuwafundisha vijana sheria, bila malipo. Tulijiona wavumbuzi. Kumbe wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, walikwisha kuianza kazi hiyo mwaka 1972, wakifundisha sheria za maisha ya kila siku: upangaji wa nyumba, ununuzi wa vitu, polisi anapokukamata. Wao kazi hiyo ilihesabiwa katika masomo yao. Sisi tulipewa chai.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Durban, ambako Profesa David McQuoid-Mason wa Chuo Kikuu cha Natal alianzisha mpango kama huo katikati ya miaka ya 1980. Hebu fikiri, ndugu msomaji: unamfundisha mtoto Mwafrika sheria, na sheria hiyohiyo ndiyo inayomchagulia mahali pa kuishi na shule ya kusoma, tena inamruhusu polisi kumweka kizuizini bila mashtaka. Ukimwambia sheria ni ngao yake, atakucheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Nasi yalitukuta. Msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono.

“Mwalimu, sheria inasema msichana aolewe akiwa na miaka mingapi?”

Nilikuwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mkononi. Nikasoma kifungu cha 13: mwanamume miaka 18, mwanamke miaka 15.

“Kwa hiyo baba hajakosea?”

Nikajibu kisomi kabisa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Akakaa. Baada ya likizo hakurudi, na wenzake walisema ameolewa.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba kifungu cha 13 na cha 17 vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Nilifurahi, kisha nikapiga hesabu: yule msichana alikuwa anakaribia miaka 40.

Jioni hiyo niliitafuta nakala yangu ya zamani. Kifungu cha 16 kinasema hakuna ndoa pasipo ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Ningeendelea kusoma vifungu vitatu tu.