Nyimbo za Mississippi, Santuri ya London

Katika semina ninayoiendesha kuhusu utamaduni na siasa za karne ya 20, huwa ninawasikilizisha wanafunzi santuri ya kwanza ya Rolling Stones, iliyotolewa Uingereza tarehe 16 Aprili 1964. Huipiga bila maelezo yoyote, kisha nawauliza wamesikia nini. Majibu hugawanyika katika makundi matatu. Wapo wanaofurahishwa na kasi na ujeuri wa vijana wale watano. Wapo wanaoiona kuwa kazi ya wanagenzi ambao bado hawajapata sauti yao wenyewe. Na wapo ambao, mara wanapoonyeshwa orodha ya watunzi wa nyimbo hizo, hukasirika na kusema kwa neno moja: wizi.

Ubishi unaofuata huwa mkali, nami siupuuzi. Chini yake lipo swali linaloivuka santuri yenyewe: mtu anapoichukua kazi ya mwenzake na kupata nayo jina na mali, dhuluma hukaa wapi hasa?

Tuanze na santuri. Ilirekodiwa Januari na Februari 1964 katika studio ndogo ya Regent Sound, mtaa wa Denmark, London, kwa ajili ya kampuni ya Decca. Mbele ya jalada hapakuwa na jina la bendi wala la santuri, ila picha ya vijana watano na nembo ya kampuni. Ndani yake mna nyimbo 12. Ni moja tu, "Tell Me", iliyotungwa na Mick Jagger na Keith Richards. Nane zilitoka kwa watunzi Wamarekani weusi: Willie Dixon, Jimmy Reed, Bo Diddley, Slim Harpo, Chuck Berry, Ted Jarrett, Rufus Thomas, na wale watunzi watatu wa Motown, ndugu wawili wa Holland pamoja na Lamont Dozier. Hata jina la bendi lilitokana na wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950.

Wasikilizaji wa kwanza waliipokeaje? Vijana wa Uingereza waliinunua kwa pupa. Kabla yake Beatles, kwa santuri zao mbili, walikuwa wameshika nafasi ya kwanza nchini humo kwa wiki 51 mfululizo. Santuri hii iliwaondoa, ikakaa hapo kwa wiki 12. Kwa wengi wa vijana hao muziki ule ulikuwa mpya kabisa, kana kwamba umezaliwa London mwaka uleule. Wazee, kwa upande wao, walishughulika zaidi na nywele za wanamuziki kuliko nyimbo zao. Juni 1964 bendi ilipoonekana kwenye televisheni ya Marekani, mwimbaji Dean Martin, aliyekuwa mwenyeji wa kipindi, aliwafanyia mzaha mbele ya watazamaji.

Palikuwa na kundi la tatu, dogo, la mashabiki wa bluzi waliokuwa wakiagiza rekodi kutoka Chicago. Hao walijua asili, na kwa masikio yao nakala haikuifikia. Inafaa kukumbuka kwamba Jagger mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1968, aliungana nao: alikiri kwamba hapakuwa na sababu ya kuwasikiliza wao wakiimba "I'm a King Bee" ilhali mtu anaweza kumsikiliza Slim Harpo.

Tatizo ni kwamba kumsikiliza Slim Harpo hakukuwa rahisi kama ilivyosemwa. Kwa miongo mingi biashara ya muziki ya Marekani ilizitenga rekodi za watu weusi katika fungu lake; hadi mwaka 1949 jarida la Billboard liliziorodhesha chini ya jina la rekodi za mbari. Mlango ulikuwa mwembamba, na aliyeupita kwa urahisi hakuwa yule aliyetunga.

Hapa huwa nawaomba wanafunzi wafungue ramani. Dixon, Reed, Bo Diddley na Rufus Thomas wote walizaliwa katika jimbo la Mississippi. Sasa tazama kalenda. Tarehe 20 Juni 1964 Rolling Stones walimaliza ziara yao ya kwanza ya Marekani kwa maonyesho katika ukumbi wa Carnegie, New York, wakishangiliwa na vijana. Kesho yake, tarehe 21, wanaharakati watatu waliokuwa wakipigania haki ya watu weusi kupiga kura walitoweka Mississippi: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Miili yao ilipatikana Agosti, imefukiwa chini ya boma la udongo. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini tarehe 2 Julai, kati ya kutoweka kwao na kupatikana kwao. Nyimbo za wana wa Mississippi zilishangiliwa New York wiki zilezile ambazo kumwandikisha mtu mweusi apige kura kulitosha kumgharimu mtu uhai wake.

Wanafunzi wanaosema "wizi" huona hapo wameshinda hoja. Mimi huwaomba wangoje kidogo, kwa kuwa ushahidi hauelekei upande mmoja.

Vijana wale hawakuficha walikochota. Juni hiyohiyo walikwenda Chicago kurekodi katika studio za Chess, zilizokuwa maskani ya Waters, Dixon na Berry. Mei 1965, kipindi cha televisheni cha Shindig! kilipowaalika, walitaka Howlin' Wolf naye apewe jukwaa. Akaimba, mwanamume wa miaka 54, mbele ya taifa ambalo televisheni zake kubwa hazikuwa zimempa nafasi kabla ya siku hiyo. Mwaka 1981 bado walipanda jukwaani pamoja na Muddy Waters katika klabu moja ya Chicago. Mwizi hamrudii aliyemwibia ili ampigie makofi.

Kwa hiyo nauliza swali jingine: fedha zilipita wapi? Wimbo unaporekodiwa upya, mtunzi hustahili mirabaha, na mirabaha hiyo hupitia kwa mchapishaji wa muziki. Mchapishaji wa nyimbo nyingi za Chicago, zikiwamo za Dixon na Berry, alikuwa kampuni ya Arc Music, ambayo wenye Chess walikuwa na hisa ndani yake. Yaani waliomrekodi mtunzi ndio hao hao waliosimamia haki zake za utunzi. Katika miaka ya 1970 Howlin' Wolf, Waters na Dixon waliishtaki Arc Music, wakidai kwamba hawakulipwa ipasavyo. Kesi za Waters na Dixon zilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Lakini Slim Harpo alikwisha kufariki Januari 1970, kabla ya kufanya ziara yake ya kwanza ya Ulaya, bara ambalo vijana wake walikuwa wameucheza wimbo wake kwa miaka sita.

Hilo ndilo ninalotaka wanafunzi waondoke nalo. Anayesikia mdundo tu humsifu mwimbaji. Anayesoma majina ya watunzi humlaumu mwimbaji huyohuyo. Wote wawili humkodolea macho aliye jukwaani, wakamsahau aliye ofisini na kalamu yake. Kuazimana nyimbo ni desturi ya muziki wote duniani. Bluzi yenyewe ilikua kwa kuazimana. Kilichoigeuza azima kuwa dhuluma ni mkataba uliosainiwa na mtu ambaye hakuwa na mwanasheria, wala benki ya kumkopesha, wala kura.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali. "Malaika" imeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, imezunguka dunia, na hadi leo tunabishana kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. Ubishi wa namna hiyo hustawi pale ambapo kumbukumbu hazikutunzwa na mtunzi hakulindwa siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hasa wewe unayefanya kazi katika ofisi ya serikali ambako faili za hakimiliki hupita, sikupi hukumu juu ya santuri ya mwaka 1964. Mimi binafsi bado naipenda, na baada yake humrudia Slim Harpo, ambaye nampenda zaidi. Nakuomba jambo dogo tu: msanii kijana anapofika mezani kwako na mkataba asiouelewa, msomee kila kifungu kabla hajashika kalamu. Willie Dixon alihitaji mtu wa namna hiyo, na alimpata akiwa amekwisha zeeka.