Rangi za DNA: historia fupi ya michoro ya jenomu na maziwa ya Kedong

Leo tuache kidogo mambo ya simu na tovuti, tuzungumze kuhusu michoro. Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kudhani kwamba rangi ni mapambo: kazi yenyewe ni hesabu, rangi atachagua mtu mwingine baadaye. Kwenye michoro ya jenomu dhana hiyo imewaponza wengi, na mfano mzuri kuliko yote ninayoijua unahusu wafugaji wa huku kwetu.

Tuanze mwaka 2000. Jim Kent, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliandika programu ya kuunganisha vipande vya jenomu ya binadamu, na tarehe 7 Julai mwaka huo rasimu ya kwanza ikawekwa kwenye mtandao. Lakini herufi bilioni tatu hazisomeki kwa macho. Kwa hiyo ikaja programu ya kuzionyesha, imeandikwa kwa lugha ya C: unaomba sehemu ya kromosomu, seva inachora picha na kukutumia. Jeni zinapangwa kwa mistari ya mlalo, mmoja chini ya mwingine, kama reli.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba mtu wa nje aliruhusiwa kuongeza mstari wake mwenyewe, tena kwa faili la maandishi matupu. Hakuna haja ya kujua C wala kuomba ruhusa ya mtu. Mfano:

track name="Maziwa" itemRgb="On"
chr2 136608745 136608746 C-14010 0 - 136608745 136608746 200,0,0

Namba tatu za mwisho ni nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255, kama kwenye kurasa za HTML. (Angalia: herufi yenyewe ni ya 136608746, lakini faili hili huanza kuhesabu kutoka 0, kwa hiyo mwanzo unaandikwa 745. Mtego huu umewanasa wengi.) Vipimo hivyo ni vya toleo la jenomu la mwaka 2009, hg19.

Sasa, hiyo herufi ya kromosomu namba 2 ina nini? Ukienda Ewuaso Kedong, kwenye barabara ya kutoka Ngong kwenda Suswa, utakuta watu wazima wanakunywa maziwa bila shida yoyote ya tumbo. Duniani hilo si jambo la kawaida. Watu wengi wakishakua, mwili hupunguza kimeng'enya cha laktesi kinachovunja sukari ya maziwa. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha kwamba Wazungu wengi wanaomudu maziwa wana badiliko liitwalo T-13910. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki walikuwa hawana badiliko hilo, lakini maziwa walikuwa wanayanywa!

Jibu likatoka mwaka 2007, katika jarida la Nature Genetics. Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, kutoka makabila 43. Mtu ananyweshwa sukari ya maziwa iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha sukari ya damu yake inapimwa. Ikipanda, kimeng'enya kipo. Ndipo likapatikana badiliko C-14010, herufi 100 tu kutoka pale pa Wazungu, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, Wamaasai wakiwemo, limeenea sana. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800 hivi.

Mchoro wao mmoja ndio ninaouzungumzia. Kila mtu ni mstari wa mlalo, na urefu wa mstari ni kipande cha kromosomu ambapo nakala ya baba na ya mama zinafanana. Wenye C-14010 wamechorwa kwa nyekundu, wasio nalo kwa buluu. Mistari myekundu inakwenda mbali mno, zaidi ya herufi milioni mbili; ya buluu ni mifupi kama vijiti vya kiberiti. Maana yake badiliko lilienea haraka mno, DNA ya jirani haijapata muda wa kuchanganywa. Waliofaidika na maziwa wamo mle, na huhitaji hata fomula moja kuliona hilo.

Lakini hebu upige fotokopi ya mchoro huo kwa mashine ya rangi nyeusi, kama zinavyofanya shule nyingi za Kajiado. Nyekundu na buluu, zote mbili ni rangi nzito. Kwenye karatasi zinakuwa kijivu kinachokaribiana. Hadithi inabaki kwenye urefu tu, na msomaji hajui ni nani ni nani. Dawa yake ni rahisi: chagua rangi zinazotofautiana kwa mwangaza, moja nzito na moja hafifu, kisha uijaribu kwenye kijivu kabla ya kuichapisha.

Zana za kufanya hivyo zimekuwepo muda mrefu. ggplot2 ya Hadley Wickham ilitoka 2007, ingawa rangi zake za asili zina mwangaza sawa makusudi, yaani kwenye fotokopi zote ni kijivu kimoja. Circos ya Martin Krzywinski, ambayo makala yake ilichapishwa 2009, iliyoandikwa kwa Perl, ilipindisha kromosomu kuwa duara na kuacha kila rangi iamuliwe kwenye faili la maandishi. Viridis, iliyobuniwa 2015, hubaki na maana hata bila rangi.

Kuna suala zito zaidi ya fotokopi. Mradi wa HapMap, awamu ya tatu, 2010, ulikuwa na watu 1,184 kutoka jamii 11. Mbili ni za Kenya: LWK, Waluhya wa Webuye, na MKK, Wamaasai wa Kinyawa. Wenye mradi walisisitiza jina liandikwe kamili, pamoja na mahali, ili kijiji kimoja kisigeuzwe kuwa bara zima. Kisha ukaja mradi wa jenomu 1,000, uliokamilika 2015 na watu 2,504 wa jamii 26. LWK imo, MKK haimo. Afrika yote ikapewa njano, rangi ambayo kwenye karatasi nyeupe ni hafifu. Tovuti ya HapMap nayo ilifungwa 2016.

Kwa hiyo programu mpya ikipakua data ya kawaida na kutumia rangi za kawaida, Mmaasai hayumo kabisa na Mluhya ni nukta hafifu pembeni. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kwenye R kubadilisha njano iwe kahawia ni kazi ya neno moja, col. Kumrudisha MKK ni kazi ya jioni nzima: faili za HapMap zilitumia toleo la zamani la jenomu, hg18, na kila namba ya mahali lazima ihamishwe kwanza.