Mizigo ya Safari Katika Siku za Wazee

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake ni hii: atazamaye mzigo juu ya kichwa cha mtu mwingine huuona mwepesi kama usufi, bali auchukuaye ndiye ajuaye uzito wake. Methali hiyo yatufaa sana sisi tukaao chini ya mlima Meru, kwa kuwa nchi yetu ni nchi ya wasafiri tangu zamani. Hapa Ngarenaro na mahali pengine pa Arusha huonekana wageni kutoka Ulaya na Marekani, kila mmoja na shanta lake mgongoni, na vijana wetu huwachukulia vitu vyao mlimani. Watu wengi hudhani kwamba kufungasha vitu vya safari ni kazi ya jioni moja tu, na tena ni kazi isiyo na maana kubwa. Wazee wetu hawakudhani hivyo. Basi, msomaji mpenzi, nataka tutazame jinsi walivyofungasha, na kwa nini.

Jina la Ngarenaro latoka katika lugha ya Kimasai, maana yake ni maji meusi. Upande huu wa Meru maji ni mengi na udongo una rutuba, na kwa sababu hiyo misafara iliyotoka Pangani kwenda nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu ilipita huku kununua chakula kwa Waarusha na Wameru. Siku zile hapakuwa na reli wala motokaa. Katika njia nyingi za bara mbung'o waliua ng'ombe na punda, hata mizigo karibu yote ikachukuliwa na wanadamu, kichwani au begani. Fedha nazo hazikufaa kitu bara. Aliyetaka kununua unga au kulipa hongo alitoa nguo, au ushanga, au masango ya shaba. Kwa hiyo mali yote ya msafiri ilikuwa ni mizigo yake.

Nguo iliyopendwa kuliko zote ni merikani. Iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja katika merikebu za Wamarekani, hasa za mji wa Salem; na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani. Nguo zilipimwa kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani mikono minane. Zilikunjwa, zikapangwa, zikapigwa na kukazwa kwa kamba mpaka zikawa kitu kigumu kirefu mfano wa mto wa kulalia. Mzigo huo uliitwa mtumba. Ulifungwa kwa vijiti vilivyotokeza chini, mchukuzi apate kuuegemeza juu ya mti apumzikapo, usipate unyevu wa ardhi, wala asihitaji kuinama sana auinuapo tena. Jina hilo halikufa. Leo tukisema tumenunua nguo za mitumba sokoni, twatumia neno lile lile la wapagazi.

Uzito wa mtumba haukuwekwa kwa kubahatisha. Desturi ilikuwa ratili 60 mpaka 70, ndiyo kilo 27 mpaka 32. Juu ya hayo mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake, posho yake, na pengine silaha. Tena mizigo ilitakiwa ilingane, maana asubuhi ya kwanza kila mtu huinua huu na huu atafute ulio mwepesi, na ugomvi ukaanza kabla ya kutoka mjini. Msafara uliofungwa vibaya ulijulikana siku ya tatu: kamba hulegea, mabega huchubuka, na watu hutoroka usiku. Mzigo wa mtoro hauna budi kugawiwa wenzake waliobaki. Hivyo kosa la mfungaji mmoja pwani liliwaumiza watu wengi bara, ambao hawakukosa neno.

Ushanga nao ulitaka maarifa. Kila kabila lilikuwa na rangi yake lililoipenda, na rangi iliyopendwa mwaka huu pengine ilikataliwa mwaka ujao. Ushanga mwekundu wa aina moja ulipewa jina la utani lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoutamani. Bali msafiri aliyechukua ushanga usiotakiwa alikuwa kama mtu aliyechukua mchanga. Aliuchukuza mamia ya maili, na mwisho akalala na njaa.

Mfano wa jambo hili ni habari ya Joseph Thomson, Mskoti, aliyeondoka Mombasa mwezi wa Machi 1883 ili apite nchi ya Wamasai. Alipofika Taveta aliambiwa kwamba Wamasai hawapokei ushanga mtupu. Sharti uwe umetungwa katika nyuzi za urefu wanaoujua. Ushanga wake ulikuwa haujatungwa. Ikabidi msafara wote ukae Taveta, na watu wazima, waliozoea mizigo na bunduki, wakaketi kutunga ushanga. Nyuzi zilizotungwa zilikuwa kama 60,000. Baadaye aliingia Umasaini, akarudishwa na hatari ya vita, akapata njia tu alipoandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanya biashara wa Pangani. Mtu huyo na wenziwe walikuwa wameijua njia ile kabla Mzungu huyo hajaja. Nasi twajifunza kwamba vitu vya safari havichaguliwi kwa kutazama kwetu tunakotoka. Huchaguliwa kwa kuuliza habari za kule tuendako, na kwa kuwasikiliza waliokwisha kupita.

Lakini mzigo mkuu kuliko yote iliyofungwa katika nchi zetu ulikuwa mzigo mmoja tu, na waliofunga ni Waafrika. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki katika mji wa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao hawakuwa na bwana tena wa kuwaamuru. Wangaliweza kumzika pale pale, wakagawana vitu, wakaenda zao. Hawakufanya hivyo. Kwanza waliyafungua masanduku yake mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, akaandika kila kitu kilichokuwamo, ili mtu asije akashitakiwa wizi baadaye. Kisha waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakauzungushia nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakalifunika kwa turubai, wakaufunga katika mti wa kuchukulia.

Walipofika Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, naye aliwashauri wamzike pale, kwa ajili ya hatari za njia. Wakakataa. Mbele yao, karibu na Kasekera, wenyeji walikataa katakata maiti isipite katika nchi yao. Ndipo Susi na Chuma walipotumia akili. Walifanya kana kwamba wamekubali kurudi kuzika. Wakafunga mabua ya mtama, wakayavika nguo kama maiti, wakawatuma watu kuurudisha mzigo ule; nao walipofika porini wakayatupa mabua, huku na huku, wakarudi kwa siri. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, mfano wa mitumba mingine, na hakuna aliyeutambua. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob Wainwright alikuwapo miongoni mwa waliochukua jeneza. Susi na Chuma hawakuwahi siku ile. Walifika Uingereza baadaye.

Tena iko safari nyingine, nayo yatugusa sisi wa Meru. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wapata 3,000 katika nchi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi ile wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Safari hiyo haikuhitaji mitumba wala ushanga. Alichukua neno la watu waliofukuzwa, naye alilifikisha. Mwisho wa mwaka ule shauri lao halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo watu wa mataifa walikuwa wamesikia, na Watanganyika wengi wakajua kwamba inawezekana kusema.

Sasa vijana wetu nao huenda ng'ambo, kusoma na kufanya kazi, kama vile wageni wajavyo kwetu. Katika mlima Kilimanjaro sheria ya hifadhi imeweka kilo 20 kuwa kipimo cha mzigo wa mgeni auchukuao mpagazi. Kipimo hicho ni chepesi kuliko cha mababu, na ni haki iwe hivyo. Lakini sheria hulinda pale tu watu wanapopima kwa kweli. Atiaye katika shanta kitu asichokihitaji, naye halichukui mwenyewe, na akumbuke shingo ya mwenziwe.

Bwana wetu alipowatuma Thenashara aliwaagiza wasichukue mkoba wala mkate, ila fimbo tu. Hakusema hayo kwa kuidharau akili ya msafiri. Alitaka wajue ni nani wanayemtegemea, tena wakubali kupokelewa na watu. Kwa hiyo kijana afungaye safari, naye mzazi amsaidiaye, na waulize kwanza habari za nchi ile kwa waliofika huko: baridi yake, chakula chake, desturi zake. Kisha waandike vitu vyote katika karatasi, kama Jacob alivyoandika. Na kila kitu ambacho jibu lake ni "huenda kikafaa," wakiache nyumbani. Mwenye kuwachukulia wengine amana, iwe barua, iwe fedha, iwe neno la wazee, na aifunge hiyo kwanza, mahali pasipoingia maji, kabla ya nguo zake mwenyewe.